Nukta Tatu za Bi Time

Siku Pacha alipozimika, chumbani mwa Bi Time tulikuwepo watu wanne. Nitawataja mmoja mmoja, kwa majina yao kamili, kwa sababu shauri ninalowaletea ni la jina, na jina likikosewa hukumu nayo hukosewa.

Alikuwepo Bi Time binti Mcha Khatib, mwenye nyumba, amekaa juu ya kitanda chake cha samadari na mito miwili mgongoni. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Yeye ndiye aliyekitungia nyimbo kikundi cha taarabu cha wanawake wa mtaa wetu wa Mlandege. Wimbo wake ukimsifu mtu, mtu huyo hutembea kifua mbele mpaka Idd nyingine. Ukimchoma, hubadili njia ya kwenda sokoni.

Alikuwepo Silima Pandu Mcha, mtoto wa kaka yake. Yupo Silima Pandu mwingine, wa Kwahani, anauza mkaa. Huyo hamo katika kisa hiki. Kipaji cha Silima wetu kilikuwa macho. Akifunguliwa mashine asiyoijua, hukaa kimya akaitazama mpaka aone kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi.

Alikuwepo Kazija Machano Haji, mpiga kinanda wa kikundi. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Wimbo akiusikia mara moja, anao. Namba akiiona mara moja, anayo.

Nami nilikuwepo, jirani wa mlango wa pili. Mimi sina kipaji katika kisa hiki.

Makame Faki Vuai, fundi wa redio na televisheni, hakuwepo. Kipaji chake kilikuwa mikono, na watu husema mkono wake ukishika kitu hautetemeki hata ardhi ikitetemeka. Lakini mlango wa Bi Time alikuwa hajaukanyaga kwa miaka mingi, na sababu yake nitaieleza mahali pake.

Sasa Pacha. Hiyo ilikuwa kompyuta ndogo ya nyumbani, ukubwa wa kitabu kinene, ambayo Silima alirejea nayo kutoka masomoni Ulaya ya Mashariki. Wahandisi wa huko waliichukua mashine mashuhuri ya Kiingereza, wakaitazama, wakatengeneza ya kwao mfano wa ile: umbo lile lile, vitufe vile vile vya mpira, na kaseti za ile zilikubali kusomwa na hii. Jina lake la kiwandani lilikuwa kwa herufi za kwao. Silima alinitajia mara mbili na sikulishika sawasawa, kwa hiyo silitaji. Mtaani tulimwita Pacha.

Silima alipoileta alidhani itakuwa kitu cha kuchezea watoto. Kisha shangazi yake akapatwa na kiharusi. Ukafa mkono wa kulia, na ulimi ukafa pamoja nao. Alijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, yakatoka maandishi kama nyayo za kuku, na mwenyewe hakuweza kuyasoma. Taipureta ilimshinda, vitufe vyake ni vya chuma, vinataka nguvu. Lakini vitufe vya Pacha vilikuwa laini kama kifutio, na kidole kimoja dhaifu kiliviweza. Silima akamuunganishia Pacha kwenye televisheni, akampigia kaseti yenye programu ya kuandikia, ile inayolia kama nzige kabla haijatulia, na herufi kubwa zikaanza kutokea kwenye kioo.

Neno la kwanza Bi Time kuliandika lilikuwa UJI HUU HAUNA CHUMVI. Tukajua amerudi.

Akaishi hivyo, kwa kidole na kioo, mpaka siku hiyo ninayoisema, mwezi wa mvua za vuli. Umeme ulikatika, kama ulivyozoea. Uliporejea ulirejea kwa kishindo. Taa ikawaka nyeupe mno, Pacha akatoa harufu ya plastiki iliyoungua, na kioo kikawa cheusi. Bi Time alikuwa katikati ya sentensi. Kidole chake kiliendelea kubonyeza, kitufe baada ya kitufe, na sisi watatu tukimwangalia.

Tangu hapo alibaki kugonga ubao wa kitanda. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni siyo. Mwanamke aliyekuwa akimfanya mtu acheke na kulia katika ubeti mmoja, sasa alikuwa na maneno mawili.

Wa kwanza kusimama alikuwa Silima, na alianza kwa kukosea. Alijua kuwa mashine ya Kiingereza ina kidude kimoja kikubwa cheusi kinachofanya karibu kazi yote, na kwamba kikifa hicho, imekufa yote. Akamwandikia rafiki yake aliyeko London. Tulingoja miezi. Kidude kilipofika, kimefungwa vizuri ndani ya pamba, Silima akamfungua Pacha ili akitie, na hakuona pa kukitia.

Hakupata kumfungua kabla ya hapo. Nani hufungua kitu kinachofanya kazi? Na kilipokufa, alidhani ndani yake anakujua tayari. Wale wahandisi wa Ulaya ya Mashariki hawakukipata kidude kile kikubwa, kwa hiyo walikusanya vidude vidogo vingi vya kawaida, vile vyenye miguu kama tandu ambavyo mafundi huviita aisii, wakavigawia kazi ya kile kimoja. Nje walikuwa pacha. Ndani hawakujuana.

"Shangazi, nimekuchelewesha bure," Silima akamwambia.

Bi Time akagonga mara moja.

Silima hakujitetea. Alikuwa ameitwa Dodoma, kazi ya uhandisi ikimsubiri. Hakwenda, na ile nafasi ikapewa mwingine. Alibaki chumbani mle, akimnyanyua Pacha mbele ya dirisha ili mwanga upenye ubao wake wa ndani, na kwa ncha ya sindano akizifuata njia za shaba na kuzichora kwenye karatasi kubwa. Mchoro wa kiwandani hakuwa nao. Aliuchora upya kwa macho. Mwishowe akaweka kidole juu ya aisii moja.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo inayogawa mapigo. Imekufa hii peke yake, na nyingine zote zimesimama zinaingoja. Kwao ina jina lao, lakini Waingereza nao wanaitengeneza, kwa namba yao." Akaitaja namba.

Kwa hiyo kasoro ya Pacha ilikuwa pia bahati yake. Ingekuwa ile ya Kiingereza, dawa ni moja tu nayo iko ng'ambo. Huyu alijengwa kwa vitu vya kawaida.

Vitu vya kawaida, ila Unguja havikuwepo. Dar es Salaam wakasema tungoje.

Wa pili alikuwa Kazija. Alikuwa amekuja kumsuka Bi Time nywele, na Silima alipoitaja ile namba, kitana kikasimama.

"Irudie, Silima."

Akairudia.

"Ninazo nyingi tu," Kazija akasema. "Zimo ndani ya kinanda changu. Niliziona siku nilipokifungua kuwatoa sisimizi."

Kinanda hicho kilikuwa cha marehemu baba yake, Machano Haji Mtwana, naye alikipiga katika kikundi kabla yake. Kilikuwa cha umeme, cha zamani, kizito kama kabati. Silima akaenda kukitazama, akarudi na uso wa mtu aliyebeba habari asiyotaka kuitua.

"Ni zile zile," akasema. "Lakini sikufichi. Mle ndani kila sauti ina aisii zake zinazoigawa kutoka juu kwenda chini. Nikiitoa moja, sauti hiyo inakufa. Haifi kitufe kimoja; inakufa kote kinandani, isipokuwa juu kabisa."

"Sauti gani?"

"Chagua weye."

Kazija akakaa kitako, akaanza kuimba chini kwa chini nyimbo za kikundi, moja baada ya moja, akitafuta sauti isiyotumika sana. Alifika mwisho wa nyimbo zote. Hakuna sauti iliyokuwa haina kazi.

"Basi toa yoyote," akasema. "Hakuna ambayo sitaililia."

Kinanda kikabaki kama mdomo uliong'oka jino la mbele. Bi Mize Haji Makungu, mwenyekiti wa kikundi, ni mama mpole, lakini kikundi kilikuwa na harusi za kupiga. Kiti cha Kazija akapewa msichana wa Kikwajuni mwenye kinanda kipya. Kazija akahamia nyuma, pamoja na wapiga makofi.

Wa tatu alikuwa Makame, na hapa ndipo mahali pa ile sababu. Zamani kikundi kilimpa Makame amplifaya yao aitengeneze. Akaitengeneza. Siku ya Idd, mbele ya watu, na kikundi cha mtaa wa pili kimekaa kinatazama, amplifaya ikatoa moshi. Kabla ya Idd iliyofuata Bi Time alikuwa ameshatunga:

Fundi wa kubomoa, nampa mkono,
Nimempa kizima, kanipa majivu.

Wimbo ule ulipita kila uchochoro. Mpaka leo watoto wanaozaliwa hawajui kisa chake lakini wanaujua, na Makame akipita na baiskeli huimbiwa mgongoni. Aliingia uzee wa mapema kwa wimbo ule.

Sasa aisii ya Kazija ilikuwa lazima ing'olewe nzima bila kuungua, na iliyokufa iondolewe kwa Pacha bila kubandua njia za shaba, ambazo zilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Silima alijaribu kushika chuma cha kulehemu, akakirudisha mezani. Mkono wake ulitetemeka. Basi Kazija akaenda kwa Makame, nami nikafuatana naye.

"Fundi, nimekuletea kazi."

"Ya nani?"

"Ya Bi Time."

Makame hakuinua kichwa kwenye redio aliyoifungua. "Fundi wa kubomoa ana kazi gani kwa Bi Time? Mashine yake si imeshabomoka yenyewe?"

"Watu wenye macho tunao. Mkono hatuna."

"Na nikiitengeneza, ataandika nini huyo? Si atanitungia jengine?"

"Huenda," Kazija akasema.

"Na nikiiunguza?"

"Hapo umepona, yakhe. Atakutungia kwa kitu gani?"

Makame akaweka bisibisi chini. Akacheka kicheko cha puani, kidogo, kama mtu asiyetaka kionekane. "Machano alikuwa mtu wa mzaha," akasema, "na kazaa mfano wake." Akachukua chuma chake cha kulehemu na kipande cha waya wa antena.

Aliingia chumbani kwa Bi Time akasema, "Hodi," akatazama ukuta. Bi Time akagonga mara moja. Aliletewa chai akaiweka kando. Aisii iliyokufa aliikata miguu kwanza, akautoa mguu mmoja mmoja kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto aliyelala. Ile ya kinanda, ambayo Kazija aliileta pamoja na ubao wake, hakuweza kuikata. Alizifumua nyuzi za shaba za waya wa antena, akazichovya utomvu wa kulehemia, akazilaza juu ya miguu yake na kuzigusa kwa chuma cha moto, na risasi iliyoishika miguu ikafyonzwa taratibu kama maji yanavyofyonzwa na kitambaa. Alasiri yote hakuna aliyethubutu kukohoa. Mwishowe akaitia kwa Pacha mahali pa iliyokufa, na njia ya shaba haikubanduka hata moja.

Silima akaunganisha televisheni. Kaseti ikalia kama nzige. Kioo kikapiga mistari, kikatulia, na kile kidole cha kushoto kikashuka juu ya mpira.

FUNDI, CHAI YAKO IMEPOA.

Makame akaichukua ile chai akainywa ikiwa baridi vile vile, yote, akiwa amesimama.

Mambo mengi mema yalifuata. Bi Time alitunga nyimbo mpya, na wanawake wa mtaani walikuwa wakija kusoma kioo kama watu wanaosoma gazeti. Kazija alijifunza kuzunguka ile sauti iliyokufa, na wako wanaosema mapigo yake ya sasa ni matamu zaidi kwa kule kuchepuka. Makame na Silima walianza kukutana kila Ijumaa baada ya sala, mchoro umetandazwa katikati yao. Wanajenga kompyuta ya pili, mfano wa Pacha, kwa aisii za redio na televisheni mbovu. Nakala ya nakala. Nusu yake imeshasimama, mimi mwenyewe nimeiona.

Kisha Bi Time akatangaza kwenye kioo kwamba atatoa tuzo. Hana kitu, lakini ana wimbo. Ataimbwa mtu mmoja aliyemrudishia maneno yake, na kikundi kitauimba Idd hii.

"Bi Time, waliokurudishia ni watatu," Bi Mize akamkumbusha. "Wataje wote."

Kidole kikatembea. WIMBO WA WATU WATATU NI MAHUDHURIO YA SHULE.

Na kweli ndivyo desturi yetu ilivyo. Wimbo wa tuzo una mwenyewe mmoja, naye hujulikana kwa ubeti wa mwisho. Alitunga beti zote, tukazisoma, na ule wa mwisho ulikuwa hivi:

Kinywa kilichofungika, leo kina mnong'ono,
Kwa kidole nimecheka, nimerudisha maneno,
Watatu wamenishika, kila mmoja mkono,
... namtamka, ndiye mwenye tuzo hino.

Bi Mize akakisogelea kioo. "Hapa pana nukta tatu."

NAJUA.

"Utamtia nani?"

WAITENI WOTE. NATAKA KUONA NYUSO.

Wakaagizwa waje Alkhamisi ya kwanza ya Ramadhani. Nilijaribu kulitatua mwenyewe kwa mizani, kama tulivyofundishwa shairi skuli, nikidhani jina moja tu ndilo litakaloenea. Si-li-ma. Ka-zi-ja. Ma-ka-me. Yote yanaenea.

Basi mtaa mzima ukashika kesi.

Wenye kumtetea Silima husema: asingeonyesha maradhi, kinanda kingetolewa nini na mikono ingelehemu wapi? Tena aliiacha Dodoma. Na ukoo wake mpaka leo unamlaumu kwa ile miezi ya London. Jina lake likiimbwa, lawama hiyo imefutika. Wenye kumpinga hujibu kwamba ile miezi shangazi yake aliikaa kimya kwa kosa lake yeye, na kwamba mtoto akimhudumia shangazi huo ni wajibu. Nani hutuzwa kwa wajibu?

Wenye kumtetea Kazija husema: Silima bado ana macho yake, Makame bado ana mikono yake, wawili hao walitoa wakabakiwa nacho. Kazija alitoa hakurudishiwa. Akiimbwa, kikundi kitaona haya, kitamrudisha mbele. Wenye kumpinga husema mpiga kinanda bila mtunzi hana cha kupiga, kwa hiyo alikuwa akijitafutia mwenyewe riziki ya nyimbo. Kazija alipolisikia hilo alisema, "Basi na waje wachukue sauti nyingine, wajitafutie na wao."

Wenye kumtetea Makame husema: wale wawili walimsaidia mtu wanayempenda. Makame aliurudishia makali ulimi uliomkata. Wimbo ule wa zamani hauwezi kufutwa na mtu mwingine yeyote. Ni mtunzi yule yule, kwa wimbo mwingine. Wenye kumpinga husema hilo hasa ndilo alilolijia. Nilimuuliza Makame kama ni kweli.

"Nilipokuwa nalehemu," akasema, "sikukumbuka wimbo wowote. Nilipomaliza, nikaukumbuka."

Wao wenyewe watatu hawajagombana. Silima anasema ni Kazija. Kazija anasema ni Makame. Makame anasema bila mchoro yeye angekuwa anachoma choma tu, kwa hiyo ni Silima. Kwa njia hiyo nayo hatukufika popote.

Wimbo umehifadhiwa kwenye kaseti, na nukta zake. Ramadhani ikiisha kikundi kitapanda jukwaani, na mwimbaji akifika mstari ule lazima atamke jina. Huwezi kuimba nukta.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, wakubwa na wadogo, mmesikia kila upande na hapana nililoficha. Macho, kumbukumbu au mikono? Aliyeacha kazi, aliyetoa sauti, au aliyemeza tusi? Lau kidole kingekuwa chako, ungeandika jina la nani?

Msinijibu kwamba aulizwe mwenyewe. Bi Time binti Mcha Khatib alifariki Jumatano, tarehe tano Ramadhani, asubuhi.